Sura ya Tisa: Siku Tuliyopima Damu

Siku ya kwenda kupima nilivaa rinda nililokuwa nimejishonea la kuzikwa nalo.

Usinicheke. Mimi Nzilani ni fundi wa cherehani, na fundi mwenye kujiheshimu hawezi kuwaachia akina mama wa kanisa wamnunulie nguo ya mwisho sokoni, mabega yamelegea, pindo limeenda kombo. Nililishona mwaka wa tisini na nane, mwezi mmoja baada ya kumzika mume wangu Kimeu. Kitambaa cha buluu chenye maua meupe, kola ya duara, vifungo kumi na viwili mgongoni. Nikalikunja, nikaliweka chini kabisa ya sanduku, nikakaa kungoja zamu yangu.

Zamu haikuja. Miaka saba nilingoja, nikishona sare za watoto wa shule pale soko la Machakos, na kila nikikohoa nasema haya, ndiyo hiyo imefika. Watu walisema Kimeu ameuawa na kifua. Mimi ndiye niliyemuogesha, na nilimwona akikonda mpaka pete ikawa inamtoka akinawa mikono. Alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na ugonjwa uliokuwa ukiwamaliza wenzake ulikuwa na jina hata kama hakuna aliyelitaja matangani. Nilikuwa nimelala naye kitanda kimoja miaka saba. Sikuona haja ya mtu kunitoboa kidole aniambie ninachokijua.

Nikatenga kikombe changu, sahani yangu na kijiko changu. Mwanaume akinisogelea nilimfukuza kwa ulimi, na ulimi Mungu alinipa wa kutosha.

Kisha akaja Muigai na suruali.

Alitaka ipunguzwe miguu. Wiki iliyofuata akaleta nyingine. Ya tatu nikamwambia, "Mzee, ukiendelea hivi mwaka utaisha ukivaa kaptura." Ya nne haikuwa na kasoro yoyote, na alipoona nimegundua akainamisha macho kama msichana. Mwanaume wa miaka thelathini na sita, mwenye kifua kipana, mwuza mbegu na mbolea pamoja na mama yake nyuma ya soko, mwimbaji wa kwaya, mtu aliyeokoka. Watu wake ni Wakikuyu waliohamia hapa zamani za babu. Nikahisi kitu kikisogea ndani yangu mahali nilipodhani pamekwisha kufungwa, na nikaogopa sana.

Nilimficha mwaka mzima. Aliponiambia anataka kunioa ndipo nikamwambia ukweli wangu. "Muigai, mimi niko mgonjwa."

"Nani alikupima?"

"Hakuna."

"Basi wewe ni mgonjwa wa kujiandikia mwenyewe," akasema. "Twende tupime."

Ndivyo tulivyofika kwenye hiyo Alhamisi ya mwaka wa elfu mbili na tano. Alinitangulia. Nilimkuta kwenye benchi nje ya chumba cha VCT, cha kupimia virusi kwa hiari, pale hospitalini, shati jeupe, viatu vinang'aa, Biblia ndogo mfukoni. Aliponiona akasimama.

"Rinda zuri," akasema. "Sijawahi kukuona nalo. Ulishona lini?"

"Kitambo."

"Hata ukivaa hilo siku ya harusi mimi sitalalamika."

Sikujua nicheke au nilie. "Kaa chini, Muigai. Watu wanatuangalia."

"Waangalie. Kwani tumekuja kuiba?"

Nikaketi karibu naye, lakini si karibu sana. "Bado unaweza kurudi dukani. Mwambie mama yako nilikataa kuja. Ataamini haraka."

"Mama anangoja majibu leo. Hajala tangu jana, anaomba."

"Anaomba nini?"

Tulijua sote wawili. Mama yake, Wangare, alikuwa ameniambia kwenye kaunta ya duka, mbele ya wateja watatu na gunia la mahindi ya mbegu, kwamba hatazika mtoto kwa sababu ya mjane wa dereva. Mchungaji naye alikuwa amesema hatatangaza ndoa yoyote bila kipimo. Wangare alisema Mungu amemjibu kupitia mchungaji. Nikikutwa nayo, habari yangu na mwanawe imekwisha siku hiyo hiyo.

Mlango ukafunguka. Msichana mwembamba aliyevaa koti jeupe akatoa kichwa. "Namba kumi na saba na kumi na nane."

Alijiita Mueni. Alitukaribisha viti viwili, akafunga mlango, akafunga na dirisha, kisha akatutazama kama mtu mwenye siku nzima ya kutupa sisi.

"Hapa hakuna majina," akasema. "Kuna namba tu. Na hamtatoka na karatasi. Majibu mtayabeba kichwani mwenu."

Muigai akashtuka. "Lakini mchungaji anataka karatasi. Na mama pia."

"Mchungaji amekuja kupima?"

"Hapana."

"Basi majibu si yake. Ni ya mwenye damu. Sasa niambieni, ni nini kimewaleta?"

Nikasema kabla Muigai hajakohoa. "Mimi niko nayo. Nimekuja kuthibitisha ili huyu mwanaume aniache nipumzike."

Mueni hakucheka, wala hakunionea huruma ile ya kuudhi. Akaniuliza kuhusu Kimeu, aliugua lini, alikufa lini, na kama nimekuwa na mwanaume mwingine tangu hapo. Nikamwambia hakuna. Nikamweleza mpaka habari za kikombe na sahani.

"Miaka saba unakunywa kwa kikombe chako peke yako?"

"Sikutaka kumuambukiza mtu."

"Dada yangu, kwa kikombe haipiti," akasema polepole. "Wala kwa sahani, wala kwa kusalimiana mkono, wala kwa mbu. Inapita kwa kulala na mtu bila kinga, inapita kwa damu, na mama anaweza kumpa mtoto akiwa tumboni, akimzaa au akimnyonyesha. Watu wangekaa na wewe mezani miaka hiyo yote bila kupata chochote."

Nilitazama mikono yangu. Nilikumbuka watoto wa dada yangu niliokuwa nikiwanyang'anya kikombe kwa ukali hadi wanalia. Uchungu ukanipanda, na hasira nyuma yake.

"Na wewe, kaka?" Mueni akamgeukia Muigai.

"Mimi niko sawa. Nimekuja kumsindikiza tu."

"Hapa hakuna kusindikiza. Umewahi kupata ugonjwa wowote wa zinaa? Kisonono, kaswende, vidonda?"

Muigai akapangusa viatu vyake kwa macho. "Niliokoka mwaka wa elfu mbili."

"Na kabla ya hapo?"

"Kabla ya hapo nilikuwa nauza vitunguu kwa lori. Mlolongo, Mombasa, kila mahali. Nilikunywa sana. Wanawake pia walikuweko." Aliyasema bila kusita, maana alikuwa ameyasema mara nyingi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeusikia ushuhuda huo kanisani mara mbili. Alikuwa ameusimulia hadi ukawa kama habari za mtu mwingine, jamaa fulani mpotevu aliyekufa zamani. "Mwaka wa tisini na saba nilipata kisonono. Kukojoa ilikuwa kama moto. Nikaenda duka la dawa, nikadungwa sindano, nikapewa vidonge. Nikapona kabisa."

"Damu ulipimwa?"

"Ya nini? Si nilipona?"

"Ulipona kisonono," Mueni akasema. "Lakini haya magonjwa hupita njia moja. Mtu anaweza kupata mawili au matatu usiku mmoja. Ile sindano inaua kisonono, virusi vya ukimwi haiwezi. Na ukiwa na kisonono au kidonda, virusi vinaingia kwa urahisi zaidi. Kisha vinaweza kukaa miaka kumi, na wewe unanenepa, unaimba kwaya, hakuna mtu anaona kitu."

"Lakini hayo yote nilitubu, mbele ya kanisa zima. Hata hiyo sindano nilitaja."

"Kutubu ni vizuri, kaka. Damu tutaipima hata hivyo." Akavuta trei. "Mnataka kupokea majibu pamoja, au kila mtu peke yake?"

"Peke yake," nikasema.

"Pamoja," akasema Muigai.

Tukatazamana. "Muigai, usinifanyie hivyo. Nataka niisikie mwenyewe kwanza."

"Miaka saba umekuwa mwenyewe. Leo sitaki."

"Ukiona uso wangu utaniwekea huruma, na mimi huruma sitaki."

"Nzilani," akasema, na alivyolitaja jina langu moyo wangu ukalegea, "niache nikae."

Nikakubali. Mueni akatutoboa vidole, mimi cha mkono wa kushoto, yeye cha kulia. Nilishangaa kuona tone lenyewe ni dogo kiasi gani, jekundu na la kung'aa. Akaweka damu ya kila mmoja kwenye vipimo viwili tofauti, akaandika namba mbele ya macho yetu, akasema dakika kumi na tano. Akatuacha tukarudi nje kwenye benchi.

Nikaona ni vibaya kumficha mtu ambaye anakaribia kujua yote. "Hili rinda," nikasema, "nililishona la kuzikwa."

Akatazama kola, akatazama mikono, kisha akainama nyuma kidogo akatazama mgongo wangu. "Vifungo kumi na viwili," akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza. "Mgongoni. Ulidhani nani atakufungia?"

"Sikufikiria hapo."

"Asubuhi umefungiwa na nani?"

"Nimehangaika peke yangu nusu saa. Cha juu bado kiko wazi."

Akanyoosha mkono akakifunga. Vidole vyake vilinigusa shingoni, na ngozi yangu ikasisimka yote mpaka kwenye nyayo. Hakuna mtu aliyekuwa amenigusa shingo tangu Kimeu. "Majibu yawe yoyote," akasema, "mimi sisongi. Umesikia? Sisongi hata hatua moja."

Nikamwamini. Nilimwamini kiasi cha kutaka kukimbia.

Tuliporudi ndani Mueni aliniambia mimi kwanza. "Namba kumi na saba. Dada, hauna virusi."

Nilimsikia, lakini maneno hayakuwa na mahali pa kukaa. "Umechanganya namba," nikamwambia.

"Sijachanganya. Angalia. Kila kipimo kina mstari mmoja. Mstari huu unasema tu kipimo kinafanya kazi. Wa pili haupo, kwa vyote viwili."

"Nililala na mgonjwa. Mimi ndiye nilimfumba macho alipokufa."

"Najua. Na huenda ni kweli alikuwa nayo. Lakini si kila mara anapolala na wewe inapita. Tunaona hapa mume anayo, mke hana, miaka mingi. Si uchawi, na si kwamba damu yako haishikiki. Kila siku ilikuwa hatari, na kila siku ulipita. Na kwa sababu hujakuwa na mtu miaka saba, hakuna kinachojificha. Wewe ni mzima."

Mzima. Niliishika meza. Nilijiona nikiingia kazini kila asubuhi miaka hiyo yote, nikifungua duka, nikipiga pasi, nikikataa mialiko, mtu mzima kabisa anayejiombolezea. Mwili wangu ulikuwa umenibeba huku nikiutukana. Nilitaka kuuomba msamaha. Nilitazama kile kidole kilichotobolewa nikaona aibu na shukrani kwa pamoja, na machozi yakatoka bila kelele, yakateremka tu.

Muigai alikuwa anacheka, na uso wake wote umelowa. "Nilikwambia. Nilikwambia mgonjwa wa kujiandikia. Mungu ni mkubwa, Nzilani."

Mueni hakucheka naye. Nikaona hilo kabla yake, na machozi yangu yakakauka.

"Namba kumi na nane," akasema. "Kaka, vipimo vyako vyote viwili vimeonyesha una virusi vya ukimwi."

Kicheko cha Muigai kilibaki usoni kwa muda, kikikosa pa kwenda. "Umechanganya namba," akasema. Maneno yangu yale yale.

"Vidole vyenu nilivitoboa mkiona. Namba niliandika mkiona."

"Mimi niliokoka," akasema. Hakuwa anabishana. Alisema kama mtoto anayemwambia mwalimu kwamba kazi ya nyumbani aliifanya, kwa kweli aliifanya, sijui imeenda wapi. "Miaka mitano sijamgusa mwanamke. Hata huyu sijamgusa. Muulize."

"Naamini. Iliingia kabla, labda wakati ule wa kisonono, labda mwingine. Ilikuwa imenyamaza tu." Akasogeza kiti chake karibu. "Nisikilize vizuri. Leo hujaugua. Umejua, na kujua ni tofauti na kuugua. Utaenda chumba cha pili wapime nguvu ya kinga yako. Dawa siku hizi ziko, hapa hapa, si kama ile miaka ya tisini. Mtu anameza, anafanya kazi, anazeeka. Na kama nyinyi wawili bado mnataka kuoana, inawezekana. Mtatumia mipira kila mara, na huyu atapimwa kila miezi mitatu. Tuko na watu wengi wanaishi hivyo."

Muigai aliitikia kila kitu kwa kichwa. Sidhani alisikia nusu.

Nje jua lilikuwa kali na watu walikuwa wanapita na maisha yao. Tukatembea mpaka kwenye ukuta wa hospitali, mahali pasipo na watu, na hapo akasimama.

"Nenda nyumbani," akasema. "Wewe ni mzima. Nitamwambia Mama tumegombana."

"Ulisema husongi."

"Nilisema nikidhani itakuwa wewe." Alinitazama usoni alipolisema hilo. "Nilijiona mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye nakubali. Ilikuwa rahisi, Nzilani. Nakwambia ukweli kwa sababu sina kingine cha kukupa leo."

Nilishangaa. Nimejua wanaume wachache, na hakuna aliyewahi kuniambia jambo la kumdhalilisha hivyo hali angeweza kunyamaza. Nilimtazama nikaona simjui, na kwamba ninampenda huyu nisiyemjua kuliko yule wa shati jeupe.

Lakini sitakudanganya. Niliogopa. "Nimemuogesha mwanaume mmoja," nikamwambia. "Nimembeba kwa mgongo mpaka choo, mtu aliyekuwa akibeba magunia. Sijui kama nina nguvu za kumbeba wa pili."

"Ndiyo maana nasema nenda."

"Usinikatize. Nikianza kusema, nikikatizwa hukosa njia." Nikavuta pumzi. "Kimeu hakupima. Alikataa hata jina la ugonjwa litajwe. Tulingojea kifo kama wageni wanaongojea chai. Wewe umepima. Umeambiwa dawa ziko chumba cha pili. Sasa tunaenda chumba cha pili."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu uliniletea suruali isiyo na kasoro ukaniambia ni ndefu. Na kwa sababu miaka saba nilijizika, na ulikuja ukanifukua. Nikikuacha hapa kwenye ukuta nitarudi kule kule, tena nikiwa mzima, na hiyo ni dhambi mbaya zaidi. Twende."

Akafunika uso kwa mikono yake miwili akalia. Nikamshika mabega. Walinzi wa lango walituangalia kwa mbali, na safari hii ni mimi niliyewaacha watuangalie.

Tulipotoka chumba cha pili, ilikuwa yapata saa saba tulipofika nyumbani kwa mama yake, nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la mbegu. Njiani tulikuwa tumekubaliana kwamba asiambiwe leo. Muigai aliomba wiki moja, aifikirie sauti ya kumwambia nayo.

Wangare alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao, kitambaa cheupe kichwani, mikono mapajani. "Karatasi iko wapi?"

"Hawapeani karatasi, Maitu," akasema Muigai. "Ni siri ya mtu."

"Siri ya nani? Mimi ni mama." Akaniangalia mimi, rinda lote, juu mpaka chini. "Wewe. Uko nayo?"

Nilimwona Muigai akihangaika. Ningesema neno moja tu, hapana, na jibu lake lingejulikana papo hapo, maana uso wake ulikuwa umeshalia. Kwa hiyo sikulisema.

"Mama, naomba utupe siku chache," nikasema.

"Nimejua." Akafumba macho. Alipoyafumbua hayakuwa na ule ukali wa kaunta. "Msichana wa watu, mimi sikuchukii. Nimezika mume. Nimezika binti. Nimebaki na huyu mmoja. Dawa nikisikia ziko nitakusaidia kununua, chakula nitakuletea kwa mikono yangu. Lakini niachie huyu. Mwanangu ni msafi. Nakuomba kama mama."

Jina la mgonjwa nilikuwa nimelibeba miaka saba bure. Wiki moja zaidi, kwa sababu ninayoijua, nilihesabu kwamba nitaiweza. Nikainamisha kichwa. "Nimesikia, Mama."

"Maitu." Sauti ya Muigai ilikuwa ndogo. "Yeye hana. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niko nayo. Yeye ni mzima kabisa. Ni ya zamani, ya wakati wa lori."

Wangare hakupiga kelele. Alimtazama mwanawe, akanitazama mimi, akamrudia mwanawe. "Huyu alikuwa anajua?"

"Tangu saa tano."

"Na akaniacha niseme hayo yote."

Dukani mteja akapiga hodi, akapiga tena, anataka mbegu za sukumawiki. Muigai akajipangusa uso kwa shati lake jeupe akatoka kumhudumia, kwa sababu hakujua la kufanya na miguu yake.

Tukabaki wawili. Nilingoja anifukuze, au alie. Wangare alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo sikuwahi kuangaliwa, akinichunguza mikono, shingo, macho, kana kwamba nimetoka mahali watu hawatoki.

"Kwa nini hukutoroka?" akauliza.

"Nilifikiria, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama aliyeridhika kwamba sikumdanganya. Kisha akavuta kiti chake, miguu ya kiti ikakwaruza sakafu, mpaka magoti yetu yakakaribiana. Akatazama mlango wa duka. Alipoongea alinong'ona.

"Mume wako alikufa nayo. Na ulilala naye. Na wewe huna."

"Ndiyo, Mama."

"Hiyo inaweza kuwa?"

"Hata mimi sikuamini. Yule msichana alisema wanaona wengi."

Mikono yake ilikuwa imeshikana mapajani. "Baba Muigai alikufa tisini na sita," akasema. "Tulisema ni kifua. Alikuwa amekonda, huyo mzee, ungembeba na mkono mmoja. Mimi ndiye nilikuwa namuogesha." "Miaka tisa. Nikipata homa kidogo nasema leo imefika. Nilipokuona wewe dukani kwangu nilikuwa najiona mimi."

Nikanyoosha mikono yangu nikaishika yake, na hakuivuta.

"Hicho chumba," akasema, "wanapima hata wazee?"

"Wanapima kila mtu. Hawaulizi jina."

"Wanafungua saa ngapi?"

"Saa mbili, Mama."

Dukani tulimsikia Muigai akimhesabia mteja chenji kwa sauti ya kawaida. Wangare akasikiliza mpaka akamaliza.

"Kesho njoo unichukue," akaniambia. "Njoo mapema, kabla sijabadilisha nia."